Saa 36 Katika Mitaa ya Eastlands

 

Wasomaji wetu watukufu, na khasa mama na dada zetu mnaousoma ukurasa huu kabla waume zenu hawajauona, wiki iliyopita hatukuonekana hapa. Tulikuwa safarini. Dada yetu alitualika kwake Kibokoni, akatukirimu kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, na alipoona tumeshiba ndipo akatoa haja yake: twende Nairobi tukamtoe binti yake kazini.

Binti huyo, mpwa wetu, ni mhudumu wa ndege katika shirika ambalo hatutalitaja. Huu ni mwaka wake wa sita angani. Ndiye alipaye karo ya wadogo zake wawili na dawa ya sukari ya mamake, na hayo dada yetu hakuyaficha. Lakini majirani wanasema. Msichana hajaolewa, wanasema, Jumatatu analala Dubai, Alhamisi yuko Uchina, na hakuna ajuaye anatembea na nani. "Hata ukimpigia simu," dada yetu alituambia, "hujui huko aliko ni usiku au mchana." Tukaitikia. Mjomba ni mahramu, na mjomba akitumwa haendi peke yake; huibeba nyumba nzima mgongoni.

Tulipanda treni ya asubuhi pale Miritini. Njia nzima, kutoka Mariakani hadi nyika za Tsavo, tulikuwa tukipanga maneno ya kumwambia, na tulipoteremka Syokimau mchana hotuba yetu ilikuwa tayari, na hadithi zake na mifano yake. Twayasema haya mapema ili msije mkadhani kwamba tulikwenda kutembea.

Mpwa wetu amepanga nyumba katika mtaa wa Nyayo, Embakasi, ule uliojengwa na NSSF, nyumba safu kwa safu zilizofanana hata mgeni hugonga mlango wa jirani. Si mbali na uwanja wa ndege. Ndege hupita juu ya mapaa zikiwa zimekwisha kutoa magurudumu, na watoto wachezao nje hawainui hata macho. Alitupokea kwa salamu, akatubusu mkono kama alivyofunzwa chuoni, akatuandalia chai ya tangawizi. Alikuwa amefika siku hiyo, na ratiba yake ilimpa mapumziko ya saa 36 kabla ya kupanda tena.

Hapa yafaa tueleze, kwa kuwa wengi wetu huona sare na tabasamu tu. Mhudumu wa ndege hakuajiriwa kwa sababu ya chai. Ameajiriwa ili ndege ikipata msiba aitoe roho yako nje. Kanuni za usafiri wa anga zataka ndege kubwa ithibitishwe kwamba watu wote waweza kuhamishwa katika sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki, na yeye ndiye anayefunzwa kuufungua huo mlango, kuzima moto, kumfufua aliyezimia, hata kumzalisha mama akishikwa na uchungu mawinguni. Na kwa kuwa mwili wa binadamu una kikomo, sheria humlazimisha apumzike baada ya safari ndefu. Shirika humpa chumba cha hoteli na posho, na ndege nyingine humrudisha baada ya siku moja au mbili. Hayo ndiyo mapumziko ambayo majirani wa Kibokoni wanayasema.

Mabaharia wa zamani walikuwa na yao. Majahazi yalikuja Mombasa na kaskazi, yakangoja kusi iwarudishe Uarabuni na Bara Hindi, na mngojo huo ulikuwa wa miezi. Watu walioa, wakajenga, wakazika na kuzikwa. Mpwa wetu yeye hutia nanga kwa saa 24. Tulimuuliza kwa ukali kidogo: mtu aona nini katika saa 24?

Hakujibu. Aliingia chumbani akatoka na daftari.

Wenzake, alisema, wengi hulala, na ni haki yao kwa kuwa wamechoka. Wengine huenda madukani. Wengine hupiga picha mbele ya kila jengo kisha hawajui jengo lile ni la nini. Yeye alijiwekea mtindo wake tangu mwaka wa kwanza. Akisha kulala saa nne au tano huteremka, huuliza msikiti uko wapi, na hutembea kwa miguu mpaka aufikie. Msikiti, asema, una maji, una choo, una kivuli, na hapakosi mzee wa kukuambia ni mkahawa gani wa halali na ni njia gani usiipite jioni. Kisha huandika mambo matatu katika daftari. Matatu tu, hata mji ukiwa na elfu.

Tulilisoma daftari hilo mpaka chai ikapoa. Guangzhou, Uchina: msikiti wa Huaisheng wenye mnara laini usio na madirisha ya kuhesabika, waitao Mnara wa Mwanga, ambao zamani uliwaongoza mabaharia katika mto. Waislamu wa huko husimulia kwamba uliasisiwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas (R.A.), na mjini humo huonyeshwa kaburi linalonasibishwa naye. (Hapo tulimsahihisha: wanahistoria wetu wasema Saad alifia Aqiq karibu na Madina na akazikwa Baqii. Akachukua kalamu akaandika pembeni.) Jambo la pili la Guangzhou: katika mtaa wa Xiaobei alisikia wanawake wawili wakibishana bei ya mapazia kwa Kiswahili. Jambo la tatu: alipotea njia, na mzee mmoja Mchina mwenye kofia ya kuswalia alimfuata hadi mlangoni mwa hoteli bila ya kusema neno, kisha akampa salamu na kurudi.

Dubai hakuandika minara. Aliandika chombo cha kuvukia hori kwa dirhamu moja, na majahazi yaliyofungwa gatini upande wa Deira yakipakia majokofu na magurudumu ya magari. Mumbai aliandika kaburi la Haji Ali lililo kisiwani, ambalo njia yake hufunikwa maji yakijaa, na watu hungoja yakupwe kama tungojavyo sisi. Alikaa ukutani na wanawake wa Kihindi saa nzima bila lugha ya pamoja, wakigawana karanga. Na Paris, kati ya makasri yote ya mji ule, aliandika Msikiti Mkuu uliofunguliwa 1926, ambao Wafaransa waliujenga kwa kuwakumbuka askari Waislamu wa makoloni yao waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Chini yake ameandika: "Chai ya nanaa. Ua wenye vigae vya buluu. Je, wetu waliokufa wamejengewa nini?"

Tulifunika daftari. Twakiri kwamba wakati ule hotuba yetu ilipungua uzito kwa ratili kadhaa.

Wako watu wanaodhani kwamba kukaa sana ndiko kuona. Ibn Battuta, aliyezaliwa Tangier 1304, alifika Mombasa mwaka 1331 akalala usiku mmoja tu, kisha akashika njia ya Kilwa. Usiku mmoja! Lakini kutokana na usiku huo twajua leo kwamba misikiti yetu ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, kwamba penye milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi vya kuteka kwa chombo cha mti, na kwamba mtu huosha miguu na kuifuta kwa jamvi kabla hajaingia. Twajua walikula ndizi na samaki. Wako waliozaliwa Mji wa Kale, wakaishi humo miaka sabini, na hawawezi kukuambia mlango wa msikiti wao umechongwa nakshi gani.

Usiku huo tulimswalisha. Sisi tulikuwa wasafiri, yeye mkaazi. Tukatoa salamu ya Isha baada ya rakaa mbili, na yeye akasimama kukamilisha nne. Baada ya swala alitumiminia maswali yaliyomkaa moyoni. Tunayaandika kwa kuwa mabinti wengine wa Pwani wamo katika kazi hizi, wa ndege na wa meli. Akikaa siku mbili ugenini, apunguze swala? Ndiyo, katika madhehebu yetu ya Shafi, asiyenuia kukaa siku nne kamili, pasipo kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, ni msafiri, na aweza kupunguza na kukusanya. Akiwa amefunga na ndege inakwenda magharibi, jua halizami, afungue kwa saa ya Nairobi? Hapana, atafungua kwa jua alionalo yeye pale alipo, si kwa saa ya mji alioutoka, wala ya mji ulio chini yake ambao watu wake wamekwisha kufuturu. Siku ikimshinda, ana ruhusa ya msafiri, na atalipa. Alicheka, akasema aliwahi kulikimbiza jua namna hiyo kwa saa nyingi, na kila akichungulia dirishani lilikuwa palepale.

Lililokuwa zito hatukuligusa usiku ule. Alikuwa akisinzia.

Asubuhi alisema: "Mjomba, leo mapumziko ni ya hapa. Na wewe u mgeni kama mimi niwavyo mgeni huko. Chagua mji." Tukamwambia twataka kuiona Pangani alikolala babu yetu. Akashangaa. Miaka sita Nairobi, na ameijua Embakasi, uwanja wa ndege, na maduka ya Eastleigh anunuako mabuibui. Pumwani hajaikanyaga, Shauri Moyo huipita garini. Guangzhou aijua kwa miguu. Tulimtania kwa hilo siku nzima.

Babu yetu mzaa baba alikuwa mpishi katika behewa la chakula la reli. Garimoshi lilimpandisha kutoka Mombasa, yeye akapumzika Nairobi, likamteremsha tena. Nairobi ya wakati huo haikuwa na hoteli kwa Mwafrika. Alilala Pangani, kijiji cha Waswahili kilichokuwa kaskazini mwa mto, chenye nyumba za udongo, msikiti, na watu wa kila kabila waliokwisha kuwa Waislamu. Serikali ya kikoloni haikutaka vijiji vya aina hiyo karibu na mji wake. Ilikwisha kutenga Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe mahali pa Waafrika, ikavivunja vijiji vingine kwanza, na mwishoni, mwaka 1939, ikaivunja Pangani pia. Watu wake wengi walihamishiwa Shauri Moyo. Jina hilo lasema lenyewe. Mtu huambiwa shauri lako na moyo wako pale ambapo hana la kuamua.

Tulipanda matatu hadi Donholm, tukabadilisha, tukaishika barabara ya Jogoo. Mpwa wetu alitukalisha dirishani. Ukiitazama barabara ile kwa utulivu, ikiwa muziki wa gari utakuruhusu, utaiona historia ya Nairobi ikienda kinyumenyume: kwanza Buruburu ya miaka ya 1970 na mapaa yake ya vigae, kisha Jericho na Maringo, nyumba za kijivu za wafanyakazi wa baraza la mji, kisha Makadara, kisha Kaloleni ya miaka ya 1940 na ukumbi wake ambamo wanasiasa wa kudai uhuru walikutana na kubishana. Kaloleni tunayo Kilifi. Majengo tunayo Mombasa. Pangani iko Tanga. Mpwa wetu aliyahesabu majina hayo kwa vidole, akasema alikuwa akiyasikia kila siku kwa makanga wa matatu na hayakumgonga sikio.

Tuliteremka karibu na soko la Burma, linalobeba kumbukumbu ya askari wetu waliopelekwa Burma katika vita vya pili, tukaingia Shauri Moyo kwa miguu. Hatukuwa na namba ya nyumba. Tulichokuwa nacho ni kauli ya marehemu baba yetu kwamba "mzee alipata chumba kwa watu wa Pangani". Tuliwauliza wazee wawili waliokaa kibarazani. Mmoja alikuwa wa juzi, wa pili alisema tuulize Majengo, kwa akina mama. Basi tukapita Gikomba. Hatutaieleza Gikomba, kila mwenye nguo ya mtumba mwilini anaijua. Twasema tu kwamba mpwa wetu alitushika mkono wa kanzu tusipotezane, naye akipenya kati ya mikokoteni kama mtu aliyezoea ujia mwembamba wa ndege.

Pumwani Majengo bado kuna nyumba za zamani, ingawa ghorofa zinazisukuma kutoka kila upande. Ukisimama mlangoni utajihisi uko kwetu: ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma. Tofauti ni mabati yaliyoshika kutu na mfereji wa maji machafu unaopita mbele. Watoto husema Sheng kwa kasi ya mvua, na ghafla bibi mmoja atawakaripia kwa Kiswahili ambacho ungedhani kimetoka Kuze. Dhuhuri ilitukuta pale, tukaswali Msikiti wa Riyadha, wenye jina moja na ule wa Lamu. Mpwa wetu alielekezwa upande wa wanawake. Alichelewa kutoka. Alipotoka alikuwa na mwenyeji.

Alikuwa bi mkubwa wa miaka themanini na zaidi, kwa hesabu yake mwenyewe, amejifunga leso mbili, mkongojo mkononi. Mpwa wetu alikuwa amemuuliza kama anavyouliza huko Uchina, na bibi akaamua kwamba maswali yale hayajibiwi msikitini. Tukamfuata nyumbani. Alitupa kaimati na chai, akakaa juu ya mkeka, akasema.

Mpishi wa reli hakumkumbuka. "Wapishi wa reli walikuwa wengi, baba, na wote wakiitwa Ali." Pangani aliisikia tu, yeye alikuwa bado. Lakini nyumba tuliyokaa, vyumba sita, ilijengwa na mwanamke. Mwanamke huyo, asiye wa damu yake, alikuja Nairobi peke yake kutoka bara kabla ya vita vya pili, akasilimu, akauza chakula kwa vibarua, akanunua miti, udongo na madebe, akajenga. Akapangisha. Hakujaaliwa mtoto, akamlea huyu bibi tangu akiwa wa kubebwa, akamsomesha Kurani, na alipofariki akamwachia ufunguo.

Tulidhani ni kisa cha nyumba moja. Sivyo. Waliochunguza historia ya Pumwani wameandika kwamba sehemu kubwa ya wenye nyumba wa zamani walikuwa wanawake, waliokuja mjini pasipo mume wala kaka, wakaingia katika Uislamu na humo wakapata jamaa. Tuwe wakweli, kwa kuwa ukurasa huu husomwa na watu wazima: si wote waliojenga kwa kaimati. Wako waliopika pombe, na wako waliofanya mabaya kuliko hayo, na haramu haiwi halali kwa kuzeeka. Lakini tuliokuwa pwani tukiwasema hatukuwajengea hata ukuta mmoja. Wao walizika maskini, wakalea mayatima, na wakawapa malazi wasafiri wa kwetu, pengine na babu yetu mmojawapo.

Bibi alimgeukia mpwa wetu. "Na wewe wafanya kazi gani?"

"Nasafiri na ndege, nyanya. Nahudumia abiria."

"Mwenyewe?"

"Na wenzangu. Lakini ndiyo, mwenyewe."

Tulingoja asikie aliyoyasema Kibokoni. Bibi alimtazama kwa muda.

"Una nyumba?"

"Nimepanga."

"Jenga, mwanangu. Hata chumba kimoja."

Akaendelea kula kaimati.

Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu mpaka Kariokor, sokoni. Tulinunua vyondo viwili. Ndipo tukamweleza mpwa wetu kwamba jina lile ni Kiingereza kilichosagika kinywani mwa wazee wetu, ni lile lile la Kariakoo ya Dar es Salaam: kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza kuwafukuza Wajerumani, na wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi kuliko risasi. Alisimama katikati ya watu akafungua daftari ukurasa wa Paris. Chini ya swali lake aliandika neno moja: "Soko."

Jioni ilitukuta Eastleigh. Tulipita haraka, kwa kuwa Eastleigh yataka makala yake: mapazia, dhahabu, viatu, maziwa ya ngamia, biashara iliyoanza katika vyumba vya nyumba ya wageni ya Garissa Lodge wakati Wasomali walipokimbia vita mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sisi tulitaka kuona ukuta wa kambi ya ndege za kijeshi. Wengi hawajui kwamba pale ndipo palipokuwa uwanja wa ndege wa Nairobi kabla ya Embakasi. Shirika la East African Airways, lililoanza 1946, lilirukia pale. Pale ndipo alipotua, Februari 1952, binti wa mfalme wa Uingereza, ambaye siku chache baadaye alirudi kwao akiwa malkia. Embakasi ilifunguliwa 1958, na ardhi yake ililainishwa kwa jasho la maelfu ya wafungwa wa wakati wa Mau Mau. Mpwa wetu hukanyaga lami ile mara kumi kwa mwezi. Hakuwa anajua. Wala sisi tusingalijua lau si yeye kutupeleka kutembea.

Tulikaa katika mkahawa mmoja, tukaagiza chai ya maziwa, na hapo ndipo tulipoitoa hotuba. Hatukuikata. Kusafiri bila mahramu wanavyuoni wamekhitalifiana, wa kale wakikaza na baadhi ya wa sasa wakitazama usalama wa njia, na hilo tulimwachia nafasi. Lakini pombe haina khitilafu. Amelaaniwa mwenye kuinywa na mwenye kuibeba na mwenye kuimiminia, na toroli ya ndege ina chupa. Tulimwambia hivyo uso kwa uso.

Aliinamisha kichwa. Alisema yote hayo ayajua. Aliyasoma kabla hajaitia saini ile karatasi, na hujisomea kila mwezi. Mara nyingi hubadilishana na mwenzake Mkristo, mmoja ashike chakula, mwingine ashike vinywaji. Wasimamizi wengine hukubali, wengine hukataa. Mara mbili ameandika barua kuomba ahamishiwe kufundisha usalama, ardhini, na mara mbili ameambiwa hakuna nafasi. Ataandika ya tatu. Kisha akasema, kwa adabu, macho mezani:

"Mjomba, babu yenu alikuwa behewa la chakula. Wazungu walikula nini humo? Walikunywa nini? Alilala Pangani miaka mingapi, na nani alitumwa kutoka Mombasa kwenda kumuuliza?"

Wasomaji, kosa la babu si fat'wa. Tulimwambia hivyo, naye alikubali. Lakini swali lake la mwisho halikuwa la fikihi, na hatukuwa na jibu, na hatuna mpaka sasa. Katika nyumba yetu babu yule hutajwa kama mtu aliyeona dunia.

Tulikubaliana jambo moja: barua ya tatu tutaiandika pamoja, kwa lugha nzuri, na mpaka ijibiwe ataendelea kubadilishana kila awezapo na kuomba maghufira pale ashindwapo. Kama kuna mwanachuoni mwenye njia iliyo bora, ukurasa huu uko wazi.

Gari la shirika lilimfuata saa nane za usiku. Alitoka na sare iliyopigwa pasi na kisanduku kidogo chenye magurudumu, na ndani yake, tulimwona akikiingiza, chondo kimoja cha Kariokor. Alisema ni cha yule mzee wa Guangzhou, akimkuta. Akaomba dua, tukamwombea, akatwambia ufunguo tumwachie bawabu.

Dada yetu alitupigia simu kabla treni haijafika Mtito Andei.

"Umemwambia?"

"Tumemwambia yote."

"Haya. Anaacha?"

Tulimwambia kwamba binti yake anauliza kama kile kiwanja cha marehemu babake kule Kisauni bado kiko wazi, na gari moja la mawe sasa ni kiasi gani. Dada yetu alinyamaza. Tukadhani simu imekatika, kama ikatikavyo katika nyika zile. Kisha tukamsikia akimwita mwanawe mdogo amletee kalamu.